SI MKE SI MUME: MTU WA KATI KATIKA SARUFI NA MSAMIATI WA KISWAHILI, KUTOKA PWANI HADI LEMERA

1.0 Utangulizi

Mtoto anapozaliwa katika vijiji vya Lemera, kwenye miinuko iliyo magharibi ya bonde la mto Ruzizi, swali la kwanza la wanaosubiri nje ni lile liulizwalo kila mahali: ni mwanaume ao mwanamuke? Kwa kawaida mkunga hujibu papo hapo. Mara chache jibu hukawia, kwa sababu maumbile ya mtoto hayasemi waziwazi. Na mara nyingine jibu hutolewa bila shaka yoyote, likaandikwa, kisha miaka mingi baadaye yule aliyeandikwa akatambua nafsini mwake kwamba yeye si mwanamume wala si mwanamke. Hali hizi mbili si moja. Ya kwanza ni ya mwili, ya pili ni ya mtu kujitambua. Wapo wenye ya kwanza wasio na ya pili, na wapo wenye ya pili wasio na ya kwanza. Hata hivyo, zote mbili humfikisha mzungumzaji wa Kiswahili mahali pamoja, yaani penye haja ya neno.

Makala haya yanachunguza maneno ambayo Kiswahili kimekuwa nayo kwa ajili ya haja hiyo. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba sarufi ya Kiswahili haimlazimishi mtu kuwa mume au mke, ilhali msamiati wake humlazimisha. Na kwamba maneno ya kale ambayo huchukuliwa kuwa yanamtaja mtu wa jinsia ya tatu, yakichunguzwa vema, humtaja ama mtu aliyevuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, ama mwenye pande zote mbili, ama aliyepungukiwa. Asiye upande wowote hakupewa neno. Alitajwa kwa sentensi.

Lemera imechukuliwa kuwa kituo cha uchunguzi huu kwa sababu ya wingi wa lugha zinazokutana hapo. Kifuliiru ni lugha ya nyumbani. Kiswahili ni lugha ya sokoni, ya kanisani na ya hospitalini. Kifaransa ni lugha ya karatasi za serikali. Ng'ambo ya Ruzizi kuna Kirundi na Kinyarwanda. Aidha, Lemera ni mahali panapojulikana kwa shughuli ya uzazi: ni katika hospitali yake, iliyoasisiwa na misheni ya Wapentekoste wa Sweden, ambamo Dkt. Denis Mukwege alianza kazi mwaka 1983, na humo alirejea baada ya masomo yake ya ukunga na magonjwa ya wanawake huko Ufaransa. Hospitali hiyo hiyo ilivamiwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa, mwanzoni mwa vita vilivyouangusha utawala wa Mobutu.

2.0 Sarufi isiyouliza

Mwanafunzi wa Kifaransa atokaye Lemera hukutana mapema na ugumu ambao lugha yake ya nyumbani haikumwandalia. Katika Kifaransa hawezi kusema kwamba mtu fulani amekuja bila kuamua kwanza kama mtu huyo ni wa kiume au wa kike. Mwanafunzi wa Kiarabu hukabiliwa na zaidi ya hayo, kwa kuwa katika lugha hiyo hata mtu unayesema naye ana kiwakilishi chake kwa jinsi yake, na kitenzi hufuata. Kiswahili hakina jambo hili. Kiambishi cha kiima a- katika amekuja, kiambishi cha yambwa -m- katika nimemwona, kimilikishi -ake katika kitabu chake, na kiwakilishi huru yeye, vyote humtambulisha mtu kwa utu wake tu. Ndivyo zilivyo pia Kifuliiru, Kirundi na Kinyarwanda, na lugha za Kibantu kwa jumla. Mpaka unaochorwa na ngeli ya kwanza ni baina ya mtu na kitu. Baina ya mume na mke haukuchorwa mpaka.

Kwa hiyo, jambo ambalo wasemaji wa baadhi ya lugha za Ulaya wamelihangaikia kwa miongo kadhaa, la kutafuta kiwakilishi kisichotaja jinsi, kwa Mswahili halina budi kuonekana la ajabu. Yeye analo tayari, na amekuwa nalo tangu lugha ilipokuwa lugha. Wafasiri wa riwaya za Kizungu wanalijua vizuri jambo hili, maana hulazimika kuongeza maneno kama "yule bibi" au "yule kijana wa kiume" ili msomaji asipotee pale ambapo matini asilia ilitosheka na kiwakilishi kimoja.

Hata hivyo ngeli zina hukumu zake. Inafahamika kwamba Kiswahili huwaweka baadhi ya watu wenye upungufu wa mwili katika umbo la ki-/vi-: kipofu, kiziwi, kilema, kibogoyo. Upatanisho hubaki wa a-/wa- (kipofu amekuja, si *kipofu kimekuja), lakini umbo la nomino limekwisha kumshusha mtu kidogo kuelekea kwenye kitu. Katika Kinyarwanda, mtu ambaye maumbile yake hayako wazi huitwa ikihindu, wingi ibihindu. Ni ngeli ile ile ya ki-/vi-, juu ya mzizi unaofanana na ule wa kitenzi guhinduka, yaani kugeuka. Neno hilo leo huumiza likisikika, na chanzo cha maumivu kimo zaidi katika kiambishi kuliko katika mzizi.

Kiswahili cha Kivu kina njia yake nyingine. Kwa kuathiriwa na lugha jirani, kimehifadhi ngeli ya udogo ya ka-/tu-, na upatanisho wake hutumika hata kwa viumbe wenye uhai: katoto kamezaliwa, tutoto tunacheza. Hapa udogo ni wa mapenzi, hauna dharau. Mama wa Lemera amwitaye mwanawe katoto hajamtaja jinsi, wala hajamtoa katika utu.

Ugumu huanza pale sarufi inapokwisha na msamiati unaposhika zamu. Mzizi -ume na mzizi -ke vimeenea mahali pengi pasipohusu uzazi. Mkono wa kulia ni wa kuume, na wa kushoto katika matumizi ya kale ni wa kike. Wanyama na mimea vina madume na majike. Mwanamke mwenye nguvu na ujasiri wa kupita kiasi huitwa jikedume, neno ambalo huweza kuwa sifa au tusi kwa kutegemea msemaji. Istilahi za ukoo nazo zimegawanyika. Ndugu, mtoto, mjukuu, mzazi na mzee hazitaji jinsi. Kaka, dada, shangazi, mjomba na wifi hutaja. Katika Kongo ya mashariki mgawanyo huu umelegea mahali pamoja muhimu: mkubwa wako wa kuzaliwa huitwa yaya, awe wa kiume au wa kike. Lakini umekazwa mahali pengine, kwenye maamkizi. Shikamoo ya Tanzania haiulizi jinsi ya mzee. Huko Uvira, mtu mzima haamkiwi kwa heshima bila kuambiwa papa au mama. Atokaye nyumbani kwenda sokoni huambiwa neno moja kati ya hayo mawili mara nyingi kabla hajafika, na kama yote mawili hayamwelekei, njia nzima ni ya kuitwa kwa jina la mwingine.

3.0 Maneno ya pwani

Kiswahili kilifika kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika pamoja na wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Burton na Speke walipowasili Uvira mwezi wa Aprili 1858, kwa mitumbwi kutoka Ujiji, waliifuata njia ambayo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuitumia. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu Ujiji na Uvira pia. Lugha iliyoletwa na misafara hiyo ilikuwa na maneno yaliyotokana na fikihi na yaliyotokana na mitaa ya Unguja na Mombasa. Maneno hayo hayana budi kutenganishwa, kwa kuwa hayasemi jambo moja.

3.1 Huntha

La kwanza ni huntha, kutoka Kiarabu khuntha. Ni neno la wanasheria, nalo humtaja mtu ambaye mwili wake una alama za kiume na za kike, au hauna alama iliyo wazi. Vitabu vya fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, vimemshughulikia mtu huyu kwa makini ya kushangaza. Kwanza hutazamwa njia anayojisaidia kwayo haja ndogo. Hilo lisipoamua, husubiriwa alama za baleghe. Zote zisipoamua, huitwa huntha mushkil, yaani ambaye jambo lake limetatiza. Katika sala ya jamaa safu yake huwa nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake.

Mahali ambapo tatizo huwa zito zaidi ni mirathi, kwa sababu mwana wa kiume hupata mara mbili ya mwana wa kike. Tuseme marehemu ameacha watoto wawili tu, mmoja wa kiume na mmoja huntha. Kama huntha ni wa kiume, kila mmoja anastahili nusu ya mali. Kama ni wa kike, yeye anastahili theluthi moja na nduguye theluthi mbili. Abu Hanifa alihukumu kwamba huntha apewe kile kilicho kidogo, yaani theluthi, na nduguye achukue kilichobaki. Wamaliki humpa wastani wa hali mbili, ambao ni sehemu tano katika kumi na mbili. Washafii husema kila mmoja apewe kile kisicho na shaka: huntha theluthi, nduguye nusu, na sudusi inayobaki iwekwe kando mpaka jambo libainike au wenyewe wapatane.

Sudusi hiyo iliyowekwa kando yafaa itazamwe vizuri. Wapo waliotaka kuona ndani yake ushahidi kwamba Uislamu wa kale ulitambua jinsia ya tatu. Fikihi yenyewe haisemi hivyo. Kwa mwanasheria, huntha kwa hakika ni mume au ni mke, na Mungu anajua ni yupi; kilichopungua ni elimu ya binadamu. Ile mali haikutengwa kwa ajili ya mtu wa tatu, imetengwa kwa ajili ya shaka. Hata hivyo tendo lenyewe lina uadilifu ambao sheria nyingi za baadaye hazikuufikia: kadhi hakulazimishwa kuamua asichokijua, na mtoto hakukosa chakula wakati watu wazima wakingojea kujua.

3.2 Mke-si-mume

La pili ni la mitaani, nalo limeingia katika maandishi ya kitaalamu kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1899 ilichapishwa kwa Kijerumani taarifa fupi juu ya watu wa Unguja ambao mwenendo wao haukufuata kawaida ya jinsi zao. Habari zenyewe zilitoka kwa Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyekuwa balozi mdogo wa nchi yake Unguja, na ambaye mwaka 1892 alikuwa amepita Burundi, jirani kabisa na bonde la Ruzizi. Miongoni mwa maneno yaliyoorodheshwa ni hanisi na mke-si-mume. Taarifa hiyo imeandikwa kwa lugha ya kidaktari ya zama zake, isiyo na huruma nyingi. Lakini imehifadhi jambo moja la thamani: kwamba wenyeji waliwatenga waliozaliwa na hali hiyo na walioipata baadaye, na kwamba waliozaliwa nayo walivumiliwa, kwa kuwa hiyo ilisemwa kuwa ni amri ya Mungu.

Neno mke-si-mume limenukuliwa mara nyingi tangu wakati huo, na baadhi ya walionukuu wamelifasiri kana kwamba maana yake ni "si mke wala si mume". Fasiri hiyo haikubaliki kisarufi. Katika Kiswahili, kikanushi si hukanusha kile kinachokifuata. Mke si mume maana yake ni "ni mke, si mume": upande mmoja umethibitishwa, wa pili umekanwa. Atakaye kukana pande zote mbili hana budi kurudia kikanushi, kama tusemavyo si huku si kule, si maji si maziwa. Hapo angesema si mke si mume. Tofauti ya silabi moja si ndogo hata kidogo. Mke-si-mume ni jina la mtu aliyehesabiwa kuwa upande wa wanawake ingawa alizaliwa na mwili wa kiume. Aliyevuka ametajwa, aliyesimama kati, au nje kabisa, hakutajwa.

3.3 Hanithi na shoga

La tatu, hanithi (au hanisi), lina mzizi mmoja wa Kiarabu na huntha, lakini limechukua njia tofauti. Katika matumizi ya Kiswahili humtaja mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, na pia hutumiwa kama tusi kwa mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Ndugu yake aliyebaki Uarabuni ndiye aliyezua mjadala mkubwa zaidi wa kitaalamu juu ya suala hili katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi.

Mwaka 1977 mwanaanthropolojia wa Norway, Unni Wikan, alichapisha utafiti wake uliofanywa Sohar, kwenye pwani ya Omani. Alieleza kwamba watu waitwao khanith huko hawakuwa wanaume machoni pa jamii, wala hawakuwa wanawake. Mavazi yao yalikuwa kanzu kama za wanaume lakini za rangi zilizofifia, ilhali wanaume walivaa nyeupe na wanawake nguo za rangi kali na maua. Nywele zao hazikuwa fupi kama za wanaume wala ndefu kama za wanawake. Waliruhusiwa kukaa na wanawake waliofunua nyuso, jambo ambalo mwanamume asiye jamaa hakuruhusiwa. Lakini majina yao yalibaki ya kiume, sheria iliwahesabu kuwa wanaume, na, jambo linalohusu makala haya zaidi, sarufi ya Kiarabu iliendelea kuwataja kwa umbo la kiume. Aidha, aliyetaka kuacha hali hiyo aliweza kuoa na kurudi katika uanaume. Wikan alihitimisha kwamba hii ni jinsia ya tatu. Gill Shepherd, ambaye utafiti wake ulikuwa Mombasa, alimpinga. Kwa maoni yake mashoga wa Mombasa hawakuacha kuwa wanaume kwa sababu ya mwenendo wao. Jinsi ilifuata mwili, na kilichohitaji kuelezwa zaidi ni cheo na uchumi.

Mjadala ule ulikuwa na manufaa, ila haukugusa lugha kama ulivyostahili. Yamkini Omani na Mombasa zilitofautiana kwa sababu moja ambayo mwanaisimu angeiona haraka. Pale ambapo kila kitenzi humtaja mtu kuwa wa kiume au wa kike, kukaa kati huonekana na kusikika katika kila sentensi. Pale ambapo kitenzi hakisemi lolote, mtu huweza kukaa kati muda mrefu bila mtu yeyote kulazimika kumtolea hukumu kwa ulimi.

Neno shoga lenyewe ni mfano mzuri. Asili yake katika matumizi ya pwani ni rafiki wa kike wa mwanamke. Mwanamke humwita mwenziwe shoga kwa mapenzi. Kulihamishia kwa mwanamume kulimaanisha, kwanza, kwamba amepokelewa katika urafiki wa wanawake. Tusi lilikuja baadaye, na leo wengi hawalijui neno hilo isipokuwa kwa maana ya tusi.

3.4 Towashi

Lemera haikufuata fikihi. Wakristo ndio wengi huko, na matini inayosikika ni Biblia. Humo neno lililo karibu zaidi na suala hili ni towashi, lililotumiwa katika tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952. Injili ya Mathayo, sura ya 19, aya ya 12, huwataja matowashi wa aina tatu: waliozaliwa hivyo, waliofanywa hivyo na watu, na waliojifanya hivyo kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Mgawanyo wa waliozaliwa na wasiozaliwa unakumbusha ule wa Unguja wa amri ya Mungu. Lakini towashi, kama hanithi, ni neno la upungufu. Humweleza mtu kwa kile ambacho mwili wake hauna.

4.0 Ng'ambo ya Ruzizi

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kabla ya Kiswahili na Biblia eneo la Maziwa Makuu halikuwa na namna yake ya kufikiri jambo hili. Dini ya kubandwa, iliyoenea Rwanda kwa jina la Ryangombe, Burundi kwa jina la Kiranga, na Bushi kwa jina la Lyangombe, ilikuwa na kawaida ambayo watafiti wengi wameitaja. Aliyebandwa, awe mwanamume au mwanamke, alipewa heshima za kiume katika ibada. Mwanahistoria Iris Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya dini na upinzani katika falme za Afrika ya Mashariki, ameonyesha jinsi wanawake waliopandwa na pepo walivyoweza kuvaa mavazi ya heshima ya wanaume, kukalia viti ambavyo mwanamke wa kawaida hakuvikalia, na kusema mbele ya wakubwa. Katika Rwanda wote walioingizwa walihesabiwa kuwa na ubugabo, yaani sifa ya umugabo, mwanamume mzima.

Hapa pia yapasa kujizuia. Mwanamke aliyebandwa alikuwa mwanamume wakati wa ibada, kisha akarudi nyumbani kupika. Na mwelekeo ulikuwa mmoja tu: wote walikuwa wanaume. Huu ni uvukaji tena, wa muda, na unaitukuza jinsi ile ile ambayo jamii iliitukuza siku zote. Kinachopendeza kwa mwanaisimu ni kwamba lugha haikuhitaji kugeuzwa. Aliyekuwa mwanamke asubuhi na umugabo usiku alitajwa kwa kiambishi kile kile cha nafsi ya tatu, na hakuna sentensi iliyolazimika kusahihishwa.

5.0 Neno la leo

Haja ya istilahi leo si ya wanazuoni pekee. Katika Tanzania, tangu miaka ya 1990, imezoeleka kutenga jinsi, ambayo ni ya mwili, na jinsia, ambayo ni ya nafasi na mahusiano katika jamii. Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioundwa mwaka 1993, ulichangia sana kulieneza neno la pili. Kenya mara nyingi hutumia jinsia kwa maana zote mbili. Utengano wa Kitanzania una faida kubwa kwa suala hili, kwani bila huo haiwezekani kusema kwa ufupi kwamba mtu ana jinsi iliyo wazi na jinsia isiyo upande wowote.

Kenya nayo imetangulia upande mwingine. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisikiliza shauri la mtoto ambaye hospitali, ilipojaza karatasi zake, iliweka alama ya kuuliza mahali pa jinsi. Sensa ya mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza kuwahesabu watu wa maumbile ya namna hiyo, na waliohesabiwa walikuwa 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewataja kwa jina watoto wa hali hiyo. Yote haya, yafahamike, ni ya huntha. Ni ya mwili. Mtu anayejitambua kuwa si mume wala mke, bila mwili wake kuwa na utata, hakuhesabiwa humo.

Istilahi zinazosikika zina kasoro. Mtu wa jinsia mbili husema kinyume cha kinachokusudiwa, maana humpa pande zote mbili yule anayekana zote mbili. Jinsia ya tatu huzua swali la nani wa kwanza na nani wa pili, na hudhani kwamba walio nje ya mbili wote ni kundi moja. Huntha ni neno lenye heshima ya kale, na lingefaa kurudishwa katika hospitali kwa maana yake halisi, lakini lisinyoshwe mpaka likawafunika wasiohusika. Mke-si-mume limekwisha kujadiliwa. Yaliyobaki katika msamiati wa mitaani ni matusi.

Njia iliyo rahisi kuliko zote imo katika sarufi yenyewe, nayo ni ya kirejeshi kikanushi: asiye mume wala mke. Umbo hili lina sifa mbili. Linaanza na kiambishi cha mtu, a-, kwa hiyo utu umethibitishwa kabla ya jambo lingine lolote kutajwa. Na lina mfano wa kulitangulia, kwa maana ndivyo Kiswahili kilivyotoka katika kipofu na kufika katika asiyeona. Wasioona limekwisha kuingia katika majina ya vyama, na hakuna anayeliona kuwa geni. Udhaifu wake ni kwamba ni refu, tena ni la kukana. Huenda wenyewe wanaohusika watalifupisha, au watapata lingine lisilo la kukana. Maneno ya namna hii hayadumu yakitungwa na kamati, kama historia ya istilahi nyingi za miaka ya 1970 inavyoshuhudia.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini karatasi za etasivili hujazwa kwa Kifaransa. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka jinsi ya mtoto itajwe katika cheti cha kuzaliwa, na mzazi ana siku 90 za kumwandikisha. Sudusi ya Washafii haina nafasi humo. Mzazi wa Lemera anaweza kusema katoto, kisha mtoto, na wadogo wakizaliwa wakaja kusema yaya, miaka yote hiyo bila sentensi hata moja kumtaja mtoto huyo kuwa wa kiume au wa kike. Akiteremka bondeni kwenda kuandikisha, karani atamwuliza kwa Kiswahili, ataandika kwa Kifaransa, na mahali pa jinsi pana herufi mbili za kuchagua, M au F.